Bendi Iliyozaliwa Mara Mbili

Asubuhi yangu ya kwanza Mtopanga, nikiwa bi arusi wa wiki moja, nilitoka nje na ndoo mkononi nikamkuta jirani yetu amesimama barazani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kavaa shati jeupe la mikono mirefu na tai nyeusi, na miguuni ndara za bafuni. Nikamwamkia. Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza kama watu tuliojuana siku nyingi:

"Unajua leo siku gani?"

"Jumanne, Mzee."

"Jumanne tu?"

Hapo nikawa nimenaswa. Jua lilipanda, ndoo ikaniuma mkono, naye akinieleza kwamba siku kama hiyo, zamani, katika mji wa New Orleans huko Marekani, alizikwa mpiga ngoma mmoja ambaye bendi nzima ilimsindikiza makaburini kwa wimbo wa kuliza, na waliporudi wakarudi kwa wimbo wa kucheza, jamaa za marehemu wenyewe wakicheza njiani. "Tai ni ya kwenda," akasema, akaishika. "Ikifika adhuhuri naivua." Na kweli, mchana nilimwona kaivua, shingo wazi, anapiga mluzi.

Mume wangu alicheka sana nilipomsimulia. Akaniambia mtaa mzima unajua kwamba swali lile halijibiwi. Unasema, "Nimechelewa, Mzee wa Tarumbeta," unapita. Lakini mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu niliiweka barazani, baraza yangu na yake zimetenganishwa na ukuta mfupi tu, na mtu aliyeketi kwa cherehani hana pa kuchelewa. Kwa hiyo katika miaka yote hiyo, nikizaa, nikilea, nikikata vitambaa vya watu, mimi ndiye niliyekuja kuzijua siku zake zote.

Alikuwa na siku za ng'ambo na siku za nyumbani. Za ng'ambo alizipata kwenye redio yake kuukuu ya mbao, ambayo sauti ilikuja na kupotea kama mtu anayezungumza huku akizunguka nyumba. Baadaye wajukuu walimpa simu na mambo yakawa mepesi, ingawa yeye alisema habari ya simu haina ladha kwa sababu huitafuti ukaikosa. Mwezi wa Februari ulikuwa mwezi wake wa hasira. Alitoka nje, akaegemea ukuta wetu, akaanza:

"Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na saba ndio mwaka jazi ilipotiwa kwenye sahani ya santuri kwa mara ya kwanza. Na nani walioitia? Wazungu! Muziki wa watu weusi, wameupiga miaka na miaka barabarani na makanisani na vilabuni, halafu wanaoandikwa kuwa wa kwanza ni wengine. Sasa mimi nakuuliza wewe, mwanangu. Mtoto huzaliwa siku ya kupigwa picha?"

"Hapana, Mzee."

"Basi!"

Akaondoka kana kwamba mimi ndiye niliyebishana naye nikashindwa.

Mwezi wa Aprili ulikuwa wa Wakajuni. Neno hilo sikuwahi kulisikia mpaka nilipohamia pale, na hadi leo sijui mtu mwingine Kisauni anayelijua. Hao, alinieleza, ni watu wa kusini kabisa mwa Marekani, jimbo la Louisiana, wanaokaa penye vinamasi. Wazee wao walifukuzwa kwao mbali kaskazini, wakafika kule na Kifaransa chao, na muziki wao unakwenda kwa fidla, kipande cha chuma kinachogongwa, na kodiani, yaani kile kinanda cha kukumbatia kifuani, kinachovutwa na kubanwa. Nao sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na nane. Siku hiyo Mzee hakuwa na hasira. Alipiga wimbo mmoja wa taratibu, wa kuyumba, mmoja-mbili-tatu, mmoja-mbili-tatu, na kila alipoumaliza alikaa muda mrefu akiitazama tarumbeta.

Wimbo huo ulifika Mombasa kwa baharia mmoja wa huko Louisiana. Habari ya baharia huyo niliisikia mara nyingi, na kila mara alibadilika, mara ni mfupi mnene, mara ni mrefu ana kovu. Ambalo halikubadilika ni hili: meli yake ilikwama Kilindini ikingoja matengenezo, naye akawa anakaa sitahani jioni anapiga kodiani yake. Kijana mmoja wa Likoni, mchukuzi wa mizigo bandarini, akawa anasimama chini anamsikiliza. Baharia akamwita juu. Akamfundisha. Na meli ilipopona, akamwachia ile kodiani, akaenda zake. Kabla hajaondoka, huyo kijana alimpeleka Changamwe kuwasikia vijana wengine, mmoja wao akiwa Mzee wetu, wakifanya mazoezi nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Wakampigia. Wakamwambia kwa majivuno, "Hii ni jazi."

Baharia akacheka mpaka akakohoa. "Hii si jazi."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Lakini msiache."

Mzee alilipenda jibu hilo kuliko sifa yoyote aliyopata. Bendi yao, ilipokuja kuwa bendi kamili na kijana wa kodiani akiwamo, jina lake liliishia na neno jazi kama ilivyokuwa desturi ya bendi zote za wakati ule. Walipiga rumba, walipiga chakacha, walipiga nyimbo za kumbini, kwenye jando, na za arusini, na ule wa baharia wa mmoja-mbili-tatu ndio uliofunga kila dansi. "Tulijiita jazi bila kujua jazi," alizoea kusema. "Ndiyo maana tuliipiga vizuri."

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu wa maneno tu. Tarumbeta aliipiga kila siku, baada ya alasiri, jua likishapoa. Hakuipiga muda mrefu. Aliitoa, akaipangusa kwa kitambaa cha flana nilichomkatia mimi kutoka mabaki ya nguo za watoto, akapiga nyimbo zake mbili tatu. Magharibi ilipoadhiniwa aliiweka juu ya magoti, akainamisha kichwa mpaka adhana ikaisha. Yeye ni Mkristo, mtu wa Rabai, na shemasi wa kanisa lake alimuuliza siku moja kwa nini anafanya vile. Akasema, "Yule naye anaimba. Wawili wakiimba pamoja bila mazoezi ni fujo."

Masikio yake yalimpa taabu. Vijana wa bodaboda walimwogopa kuliko polisi, kwa sababu aliwasimamisha kuwaambia honi zao zimeshuka nusu sauti. Mmoja alibadilisha honi kweli, akaja kumpigia, Mzee akafumba macho, akasema, "Sasa unasikika kama mtu aliyelelewa." Kijana yule alitembea na maneno hayo wiki nzima. Wauza mitumba, mwenye duka la unga, mama wa mahamri, wote aliwajua kwa sauti zao, nani anaita juu na nani anaita chini. Mimi aliniambia cherehani yangu ni mpiga ngoma mzuri lakini inakimbia nikiwa na hasira.

Na mtu huyu wa siku na tarehe alikuwa hana saa. Hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Ibada ya Pasaka, aliyotakiwa kuifungua kwa tarumbeta, ilifunguliwa mara nyingi kwa makofi, naye akatokea katikati ya mahubiri akiwa amevaa vizuri kuliko bwana arusi. Siku yake mwenyewe ya ndoa hakuikumbuka. Mkewe, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo Mzee alisema ndiyo iliyomfanya amwoe, alinihadithia hilo tukichambua mchele pamoja.

"Anajua siku aliyokufa mpiga kinanda wa Marekani asiyemjua hata kwa sura. Siku aliyonichukua kwetu hajui. Nilimuuliza mwaka mmoja. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibuje, Mama?"

"Ati, 'Ile si historia, ile ni maisha.'" Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Hata ukikasirika, utasema nini tena hapo?"

Katika siku zake zote, kubwa kuliko zote ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Januari. Hiyo ndiyo siku bendi ilipozaliwa. Jumamosi ya namna hiyo, zamani, walipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa wafanyakazi kule Changamwe, wamevaa shati za sare, watu wakilipa mlangoni. Basi kila Januari mkewe alipika mahamri na mbaazi za nazi, na wapenzi wa bendi wakaja, wazee kwa wazee, waliokuwa wachukuzi na makarani na madereva, na akina mama waliokuwa wasichana wa kusifika kwa kucheza. Bendi yenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi. Mpiga gitaa alifariki, mpiga ngoma alirudi kwao. Mzee alisimama peke yake akapiga, na wale wazee wakayumba kwenye viti. Mimi nilidhani wote wengine wamekufa. Mpiga kodiani hakutajwa kamwe siku ile, na nilipomtaja mimi mara moja, bila kujua, wazee waliinamia vikombe vyao na mkewe akanimiminia chai ambayo sikuiomba.

Nilikuja kujua sababu kwa kazi yangu mwenyewe. Nilipata arusi ya kushonea huko Likoni, nguo za mama na dada za bi arusi, nikavuka feri nazo nikakaribishwa nile. Uani, karibu na vipaza sauti, ameketi mzee wa Kidigo, kofia ya kiua kichwani, kodiani kifuani. Anapiga macho yamefumba. Nilipousikia ule wimbo wa mmoja-mbili-tatu, kijiko kilinisimama mkononi. Mwenye nyumba, mwanawe, akaniona nimeduwaa, akasema, "Baba, huyu ni fundi wetu, atoka Mtopanga."

Kodiani ikakatika.

"Mtopanga? Yuko mzee mmoja huko, apiga tarumbeta. Yu hai?"

"Yu hai, baba. Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta."

"Bado avaa tai na ndara?"

"Bado."

Akatabasamu kidogo, kisha akaona ametabasamu, akaacha. Nikamuuliza kama wao ndio waliokuwa pamoja. Akaiweka kodiani chini, akanieleza taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Mimi na yeye tulipiga pamoja mara ya kwanza hapa hapa Likoni, arusi ya dadangu, mwezi wa Shaabani. Wale wa gitaa na ngoma nao walikuja. Yeye alitoa tarumbeta ndani ya mfuko wa karatasi, mkoba hana. Tukapiga hata bi arusi mwenyewe akatoka ndani kuja kutizama, mamangu akamkemea. Hiyo ndiyo siku bendi ilipozaliwa, wallahi. Ukumbi wa Changamwe ulikuja baadaye, tushapata jina, tushapata sare, watu walipa mlangoni. Yeye ahesabu kutoka mlangoni. Mimi nahesabu kutoka kwa dadangu."

"Kwani tofauti ni nini, baba, na siku zenyewe zimekwisha pita?"

"Tofauti ni hii. Kwa hesabu yake, mimi ni mtu aliyeandikwa kazi kwenye bendi yake. Kwa hesabu yangu, tulizaa mtoto pamoja."

Halafu akanieleza la kitambaa. Bendi ilipokuwa ikipiga kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, mwenye hoteli alitundika kitambaa kikubwa mlangoni, kimeandikwa siku ya kuzaliwa bendi, na chini yake jina la mwanzilishi. Lilikuwa jina moja. La mpiga tarumbeta.

"Nikamngojea aseme neno. Tukapiga wimbo wa kwanza, nangoja. Tukapiga hata wa mwisho. Hakusema. Nikaichukua kodiani yangu nikapanda feri, na tangu siku ile sijavuka kwenda kwake."

"Nimsalimie?"

"Msalimie. Tarehe usiitaje."

Nilimsalimia. Mzee alikuwa akipangusa tarumbeta, akaipangusa mahali pamoja muda mrefu.

"Amekonda?"

"Hakukonda."

"Bado aivuta ile kodiani kama mtu anayekamua nguo?"

"Mimi niliiona tamu, Mzee."

Akaikunja ile flana. Lakini jioni ile hakupiga barazani. Alikwenda nyuma ya nyumba, na wimbo uliotoka huko ulikuwa ule wa baharia, na Aprili ilikuwa bado mbali.

Kuanzia hapo nikajua kwamba bendi ile moja ina sikukuu mbili. Mpiga Kodiani naye alipika pilau kila Shaabani, na wazee wale wale waliokuja Mtopanga Januari walivuka feri kwenda Likoni kula huko pia, kimyakimya, kila mzee akijifanya hajui habari za upande wa pili. Iliwezekana kwa sababu siku zenyewe hazikukutana. Ya Mzee ilisimama pale pale Januari. Ya Likoni ilifuata mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo kila mwaka hurudi nyuma kama siku kumi hivi, kwa hiyo sikukuu ile ilikuwa ikitembea, leo wakati wa mvua, baadaye wakati wa kaskazi.

Mwaka huu ikatembea mpaka ikaangukia Jumamosi ya mwisho ya Januari.

Wazee wapenzi wa bendi walihangaika. Mmoja alikuja kwangu akijifanya anataka kupunguziwa suruali, akanong'ona, "Fundi, wewe utakwenda wapi?" Kisha ikaja simu ya redio. Kijana mtangazaji alikuwa anatengeneza kipindi cha bendi za zamani za Mombasa bara, akataka kuja kurekodi siku yenyewe ya kuzaliwa bendi, palipokuwa na sherehe. Mzee husikiliza simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo sote tulimsikia.

"Nimeambiwa kuna siku mbili, Mzee, na mahali pawili. Sasa nije wapi? Bendi ilizaliwa lini hasa?"

"Nitakwambia kesho," Mzee akasema, na simu akaikata upesi.

Mkewe alikuwa ameketi kizingitini anamenya viazi. Mimi nipo kwa cherehani yangu, ukuta mfupi katikati, na sikuwa na pa kwenda.

"Mama," Mzee akasema, "kijana wa redio anataka tarehe."

"Mpe."

"Nitampa ya Januari. Ndiyo iliyotangazwa. Ukumbi, watu, kila kitu."

"Mpe. Na ukishampa, mwambie pia kwamba mtoto huzaliwa siku ya kupigwa picha."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Uso wa Mzee, ambao nimeuona ukicheka na kukasirika kwa ajili ya watu wa Marekani waliokufa zamani, sikuwahi kuuona umeona haya hadi siku hiyo.

"Wewe hukuwapo Likoni," akasema mwishowe.

"Sikuwapo. Wewe ulikuwapo. Uliporudi uliniambia mpaka chai ikapoa. Ulisema, 'Nimempata mtu.' Hukusema, 'Nimempata mfanyakazi.'" Akaokota kiazi kingine. "Miaka yote nangoja ukumbuke mwenyewe. Wewe si ndiye mwenye kukumbuka siku?"

Asubuhi iliyofuata Mzee alitoka amevaa viatu. Viatu vya ngozi, vimepakwa rangi. Akanijia na kuniomba nimpeleke Likoni, kwa kuwa nyumba ya mwenzake siku hizi mimi ndiye niliyeijua. Nikamwambia, nenda na Mama. Mkewe akaita kutoka ndani, "Akienda na mimi atajificha nyuma yangu. Nenda naye, fundi."

Kwenye feri alisimama ukingoni. Midomo ilikuwa ikienda, na nilipomsogelea nikasikia anafanya mazoezi ya sentensi. Aliianza hivi, akaiacha, akaianza vingine. Tulipofika ng'ambo alikuwa bado hajaipata.

Mpiga Kodiani tulimkuta uani, kakalia mbuzi anakuna nazi. Alituona tangu mlangoni. Hakuinuka.

"Salaam aleikum," nikasema.

"Wa aleikum salaam. Karibu, fundi, karibu sana. Na huyo uliyekuja naye, ni nani?"

Mzee alisimama juani na viatu vyake. Nilidhani atageuka arudi.

"Nimekuja kukwambia neno nililotakiwa kulisema siku ya kile kitambaa," akasema.

"Liseme."

"Bendi ilizaliwa hapa. Arusini kwa dadako. Siku ile nilijua, na leo najua. Niliona jina langu limeandikwa kubwa, nikalipenda, nikanyamaza."

Mpiga Kodiani alikuna nazi mara tatu nne bila kuinua kichwa.

"Lilikuwa kubwa kweli," akasema. "Tena kwa rangi nyekundu."

"Nyekundu."

"Mtu una pumzi ya kujaza ukumbi mzima wa Changamwe. Neno moja dogo likakushinda."

"Lilinishinda, ndugu yangu. Nisamehe."

Mwenzake akainua kichwa sasa. Macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa kali. "Mikono yangu ina nazi, siwezi kukupa mkono."

"Nipe mimi hiyo nazi."

Na Mzee wa Tarumbeta, suruali imepigwa pasi, viatu vinameta, akakaa juu ya mbuzi akaanza kukuna. Mpiga Kodiani alimsimamia kichwani.

"Wakuna vibaya."

"Na wewe wapiga vibaya."

"Wallahi, umezeeka. Una mvi mpaka masikioni."

"Wewe je, hiyo kofia waficha nini?"

Niliwaacha, nikaenda jikoni kusalimiana na wenye nyumba. Walikuwa wakichungulia dirishani, mmoja anafuta machozi kwa ncha ya leso, mwingine anauliza kama nazi ile italiwa kweli na chembe zile za kifuu.

Jumamosi wazee wote walivuka upande mmoja. Mtopanga haikubaki na mtu, na mahamri ya mke wa Mzee yalisafiri kwa feri ndani ya beseni langu la nguo. Kijana wa redio alikuja na mashine yake, akamwekea Mzee kipaza sauti, akauliza lile swali lake. Mzee akasema kwa sauti ya kusikika hadi njiani kwamba bendi ilizaliwa Likoni, mwezi wa Shaabani, arusini, siku ambayo hakuna aliyelipa na hakuna aliyejua inaitwaje, na kwamba waliozaa ni yeye na huyu aliyeketi hapa. Kijana akataka kuandika hivyo. Mpiga Kodiani akamgusa mkono.

"Andika na ile ya Januari, mwanangu. Mtoto ana siku ya kuzaliwa na siku ya kupewa jina. Huyu jina alipewa Changamwe, na ilikuwa siku nzuri. Mimi nilikuwapo."

Kisha wakapiga. Sitasema walipiga kama vijana, maana Mzee alikosa noti mbili za juu na mwenzake akazijaza yeye kwa kodiani, upesi, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye ngazi. Kipindi kilipotangazwa, noti zile zilisikika hivyo hivyo, na Mzee akakataa zikatwe.

Tangu hapo mmoja huvuka kumtembelea mwingine karibu kila wiki, na wanagombana kuhusu mengine. Februari ilipofika Mzee alitoka na hasira zake za santuri kama kawaida, ila safari hii mwenzake alikuwa barazani, akamwambia, "Ushasema, tushaelewa," na Mzee akacheka akaenda kuchukua chai.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na arusi mtaani kwetu, ya kijana wa bodaboda aliyebadilisha honi, na nguo nilishona mimi. Hema lilifungwa barabarani, viti vya plastiki vikapangwa. Wazee wawili waliombwa wapige saa moja tu, kabla ya vijana na vipaza sauti vyao. Wakapiga rumba, wakapiga chakacha, akina mama wakajifunga leso viunoni. Baada ya nyimbo chache Mzee alishusha tarumbeta, akasema midomo imechoka. Mpiga Kodiani akaendelea peke yake, akaingia kwenye ule wimbo wa baharia.

Mke wa Mzee alikuwa ameketi nami. Aliniwekea sahani yake mapajani bila kusema kitu, akainuka, akapita katikati ya hema hadi alipokaa mumewe, akasimama mbele yake.

"Twende."

"Wapi?"

"Kucheza."

Mzee alitazama huku na huku. "Mama, mimi sijui kucheza."

Nilidhani anatania. Kisha nikamwona usoni, nikaelewa kwamba anasema kweli. Mtu aliyewachezesha watu wa Changamwe na Likoni na hoteli zote za pwani, hakuna siku hata moja aliyoshuka jukwaani. Na mkewe, katika dansi zote zile, alikuwa amekaa kwenye kiti anashika mkoba wake, kwa sababu mtu wake ndiye aliyekuwa akipiga.

"Najua hujui," mkewe akasema. "Simama."

Akasimama, mrefu, mikono haijui iende wapi. Mkewe akaichukua, mmoja akauweka kiunoni kwake, mwingine akaushika. Hatua ya kwanza Mzee alimkanyaga. Ya pili pia. Watu wakapiga vigelegele, na Mpiga Kodiani, aliyewaona, akapunguza mwendo wa wimbo ili wauwahi.

"Usitazame chini," mkewe akamwambia. "Nitazame mimi. Na usihesabu."